Siku Serge Itakapoanguka

28 Mei
Gavriil Petrovich, mkuu wa kijiji, amegawa madaftari, moja kwa kila nyumba. Tuandike kila kinachozama, kinachopasuka na kinachoinama. Mwisho wa Agosti kila mwenye nyumba atie sahihi: anahama au anabaki. Anayehama atajengewa kule Kilima cha Misonobari, kwenye mchanga, ambako chini hakuna barafu nyingi ya kuyeyuka. Anayebaki, shauri yake.

Nimepika shuleni miaka thelathini na mmoja, na daftari pekee nililowahi kuandika lilikuwa la viazi na unga. Hili nitaliandika nitakavyo. Gavriil akitaka kulisoma lote, avae miwani.

Nilimwambia pale pale mlangoni, nikiionyesha nguzo yetu ya kufungia farasi: "Siku serge yetu itakapoanguka, ndipo utakapoona sahihi yangu." Akacheka. Wifi yangu Ogdo, ambaye ametia sahihi tangu asubuhi, akacheka pia. Mihala, mume wangu, alikuwa anashona wavu kwenye kizingiti. Hakucheka, lakini Mihala hucheka mara mbili kwa mwaka, na Mei si mwezi wake.

29 Mei
Nyufa: moja juu ya jiko, unaingia ukucha. Nimeweka kitunguu sakafuni karibu na jiko. Kimetulia.

Serge: imenyooka. Nimepigilia msumari mdogo juu kabisa, nikafunga uzi, na mwisho wa uzi nikaning'iniza msumari mzito. Uzi unaugusa mti kuanzia juu hadi chini. Ikianza kuinama nitajua siku hiyo hiyo.

Serge hii waliisimika siku ya harusi yetu, miaka thelathini na tisa iliyopita. Farasi wa kwanza kufungwa hapo alikuwa wa baba yangu. Alinileta, akanywa maziwa ya farasi yaliyochachuka vikombe vitatu, akafungua kamba, akaenda. Majira ya baridi yaliyofuata akafa, sikumwona tena. Kwa hiyo wengine wanaona mti wenye michoro. Mimi naona mahali alipokuwa amesimama.

3 Juni
Nyuzi ishirini na nane za joto. Mbu wameamka wote kwa pamoja.

6 Juni
Mihala mgongo. Ameinua nini, hasemi. Nimemsugua mafuta ya dubu mpaka nyumba nzima inanuka dubu.

10 Juni
Mihala ameanza kwenda ziwani asubuhi sana, wakati mimi niko zizini nyuma nakamua. Amerudi bila samaki hata mmoja. Buti zimejaa tope la manjano.

Kitunguu kimesogea kidogo kuelekea kitandani. Serge imenyooka.

11 Juni
Nyavu tupu.

15 Juni
Nyavu tupu. Mgongo.

21 Juni
Sikukuu ya kiangazi. Tumecheza duara, mvua ikatunyeshea, tukaendelea. Ogdo alicheza na viatu mkononi. Ana miaka sitini na mbili, lakini ukimwangalia kwa nyuma utasema arobaini, na ndivyo anavyopenda kuangaliwa.

24 Juni
Leo nimelia, na sioni aibu kuandika.

Nilishuka kwenye shimo la barafu kuchukua nyama. Shimo hilo alilichimba baba mkwe kwa mtaimbo na moto, majira mawili ya baridi, mita nne kwenda chini. Miaka yote kuta zake zilikuwa nyeupe, zinang'aa, na ukitia ulimi unanasa. Leo nilipofika ngazi ya mwisho mguu uliingia majini. Kuta zinatiririka. Mapaja ya ndama yanaelea. Ile harufu ya nyama iliyoanza kuharibika naijua vizuri, mimi mpishi.

Tumetoa kila kitu. Kilichofaa tumekipeleka kwenye friji ya Ogdo na ya shule, kilichobaki mbwa wamekula mpaka wakalala ubavu. Mihala alisimama ukingoni akitazama chini kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Mzee, hata shimo la baba yako limetukimbia." Akasema, "Serge je?" Nikamwambia serge imenyooka, nimeitazama asubuhi. Akatikisa kichwa, akaenda kunawa.

Nimejiuliza jioni nikipika: shimo limejaa maji, nyumba imeinama, mbona serge iko pale pale? Nimepata jibu. Nyumba ni nzito, na shimo limefunguliwa-funguliwa kila siku. Serge haina mzigo. Kwa hiyo ardhi yenyewe bado nzima, sisi ndio tunaoilemea. Mtu akiwa mwangalifu anaweza kubaki.

25 Juni
Nimemwambia Gavriil sihami. Ameandika.

30 Juni
Nyavu tupu. Nyuzi thelathini na tatu.

4 Julai
Ogdo amekuja kunywa chai na kunitia wasiwasi, mambo mawili anayoyaweza sana.

"Wifi, kaka yangu anakwenda wapi kila asubuhi?"

"Ziwani."

"Samaki wako wapi?"

"Hawajaingia."

"Mimi nyavu zangu ziko ziwa hilo hilo na nimechoka kukaanga. Mke mwenzio atakuwa ana jina la samaki."

"Ana miaka sitini na tano na mgongo wa themanini. Atakayemchukua namwongezea na mafuta ya dubu."

Tulicheka. Lakini alipoondoka nilikwenda kuangalia wavu wa Mihala ukutani. Mkavu. Umekakamaa kwa ukavu.

5 Julai
Sikumuuliza. Miaka thelathini na tisa hatujaulizana mambo ya aina hiyo, nianzie wapi?

9 Julai
Kyunnei amekuja, binti wa mwalimu wetu wa hesabu, anayesoma chuo cha mjini. Nilimlisha uji tangu darasa la kwanza, alikuwa hapendi maziwa ya moto. Sasa ana buti za mpira na masanduku. Nyuma ya zizi, pale ardhi ilipozama miaka minne iliyopita na miti ikalala ndani ya maji, ametega miavuli ya plastiki kichwa chini ili kunasa mapovu.

"Mapovu ya nini, mwanangu?"

"Gesi, bibi. Chini huku kuna majani na mizizi iliyoganda tangu enzi za tembo wa manyoya. Ilikuwa salama kwa sababu ya baridi. Sasa barafu ikiyeyuka inaoza, na ikioza inatoa gesi."

"Kama nyama yangu ya shimoni."

"Hiyo hiyo. Ila shimo lako lilikuwa mita nne, na hili ni kaskazini nzima. Gesi inapanda, inakaa juu, inazuia joto lisitoke. Joto likizidi, barafu inayeyuka zaidi."

Mihala alikuwa amesimama na uma wa nyasi. Akasema, "Kwa hiyo joto ni kama mbwa. Unamfukuza, anarudi na wenzake."

Kyunnei akacheka, akasema ataliandika hilo. Kisha akauliza kama sisi tunahama. Nikamwonyesha serge kwa mbali, na uzi wangu. "Ile haijasogea hata unene wa uzi tangu Mei. Andika na hilo."

Akaitazama, akakunja uso. "Haijasogea kabisa?"

"Kabisa."

"Ajabu," akasema. Mihala akakumbuka kuwa farasi hajanyweshwa, akaondoka.

13 Julai
Tumeanza kukata nyasi. Uwanda umejaa matuta, fyekeo linaruka. Mihala anakata mistari miwili, anakaa. Nimemwambia akae nyumbani. Amekataa.

16 Julai
Mvua ya joto.

17 Julai
Mvua.

18 Julai
Mvua. Kitunguu kinaviringika chenyewe kutoka jikoni hadi mguu wa kitanda, nikihesabu mpaka sita. Mlango haufungi, tunaubana kwa kiatu. Serge imenyooka.

22 Julai
Buti zina tope la manjano tena. Tope la ziwani ni jeusi. Sijui kwa nini ilinichukua wiki sita kuliona hilo.

23 Julai
Nimemkasirikia siku nzima bila kumwambia sababu. Nimempa chai baridi. Ameinywa, akasema ahsante.

2 Agosti
Jua, namshukuru Mungu. Tumekusanya nyasi marundo manne. Ogdo alikuja kusaidia na kuimba. Mihala hawezi kuinua mikono juu ya mabega.

14 Agosti
Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi nilikwenda zizini kama kawaida. Nilipokaa kukamua nikagundua nimesahau kitambaa cha kuchujia maziwa. Nikarudi. Nikiwa kwenye kona ya nyumba nilimsikia Kugas, farasi wetu, akilia kama anavyolia akiona mbwa mwitu. Nikatoka mbele.

Serge ilikuwa imesimama. Chini yake kulikuwa na kichwa cha mume wangu, mabega yake, na mikono miwili iliyoikumbatia serge. Mwili uliobaki ulikuwa ndani ya ardhi. Kando yake kulikuwa na mtaimbo, nyundo, na rundo la kabari za mti alizozichonga.

"Mihala!"

"Usikaribie," akasema, kwa upole, kama mtu anayezuia mtoto asikanyage sakafu iliyopigwa deki. "Pembeni hakuna kitu chini. Ni majani tu yameshikana."

"Unafanya nini humo?"

"Nimeshika mti. Au mti umenishika, sina hakika."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na vyote viwili vilihitaji nifike alipo. Nikapiga kelele kumwita Ogdo. Nikang'oa mlango wa banda la kuku, nikaulaza juu ya ardhi, nikatambaa juu yake kwa tumbo. Nikampitishia kamba ya kufungia nyasi chini ya makwapa. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Shimo lilikuwa linatoa ubaridi, na ile harufu ya shimoni, nyama ya kale.

"Miguu inagusa nini?"

"Barafu. Inateleza kama sabuni. Maji yanapita. Mama, kama kamba ikikatika..."

"Ikikatika nitafunga nyingine. Nyamaza."

Ogdo alifika na gauni la kulalia na buti za mumewe marehemu. Alimfunga Kugas kamba begani, akamwongoza pole pole, hatua moja, hatua moja, akimsemesha kama mtoto mchanga, na mimi nikamvuta Mihala kola ya koti. Buti moja lilibaki chini. Yeye akatoka. Alipotoka tu, ardhi ya upande aliokuwa amesimama ikadondoka yote, tukasikia ikianguka majini.

Tukamfunga kwa manyoya karibu na jiko, tukamnywesha chai yenye siagi. Alipoacha kutetemeka, Ogdo ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Basi, endelea kunywa."

Mimi nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Juni mwanzoni. Iliinama kwanza kidole kimoja. Akainyoosha, akagonga kabari, akashindilia tope na kufunika kwa nyasi. Siku tatu baadaye ikainama tena. Kila mara akawa anachimba zaidi ili kabari zifike penye ugumu, na kila mara ugumu ulikuwa chini zaidi. Uzi wangu alikuwa anautumia. "Ulinisaidia sana ule uzi," akasema.

"Ulichimbua nyasi? Ukaacha udongo wazi kwenye jua?" Ogdo akamrukia. "Wewe? Kaka, hata mtoto wa shule ya awali anajua usiivue ardhi blanketi! Ndiyo maana imekumeza!"

"Najua."

"Unajua, na unachimba?"

"Nilikuwa nafunika tena."

"Na baba alituambiaje? Serge haing'olewi na haishikiliwi. Ikichoka, imechoka."

"Najua, Ogdo. Ndiyo maana nilikuwa nakwenda kuvua."

Ogdo akajimiminia chai. Nikamuuliza Mihala kwa nini. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini maji yana unyevu.

"Ulimwambia Gavriil siku itakapoanguka ndipo utakapohama. Na hutaki kuhama."

"Na wewe? Wewe unataka nini?"

Alifikiri. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Mimi naogopa paa litakuangukia," akasema. "Tangu mwaka juzi naogopa. Nikiwa nje nasikiliza nyumba. Lakini farasi wa baba yako alifungwa pale."

Sikujua kwamba anakumbuka. Sijawahi kumwambia. Labda aliniona nikiigusa.

Nilikwenda nje kunawa uso.

15 Agosti
Mihala homa. Supu ya kuku, kuku yule asiyetaga.

17 Agosti
Homa imepungua. Kyunnei alikuja kuangalia shimo la mbele ya nyumba. Alilala kwa tumbo juu ya mlango wa kuku akashusha kamba yenye vipimo. Anasema chini yetu kuna ukuta wa barafu mpana kuliko nyumba, unaopita chini ya serge, chini ya jiko, mpaka zizini, na unayeyuka wote. Kuchimba kwa mzee kumeliharakisha shimo kwa mwaka mmoja, labda miwili. Lingekuja tu.

Nikamwomba anisamehe kwa kile nilichomwambia aandike. Akasema alikiandika, lakini kwa alama ya kuuliza.

19 Agosti
Nimekwenda ofisini kwa Gavriil Petrovich. Ameshangaa.

"Balagia Nikolaevna, serge yenu si bado imesimama? Nimepita sasa hivi."

"Imesimama."

"Basi?"

"Imesimama kwa kushikiliwa. Nipe kalamu."

Nikatia sahihi. Gavriil akaomba daftari. Nimechana mbele yake kurasa mbili za nyufa na kitunguu, nikampa. Haya mengine ni yangu.

28 Agosti
Nyasi zimetosha kwa ng'ombe wawili. Wa tatu tumempa Ogdo.

6 Septemba
Umande umeganda asubuhi. Mbu wamekufa wote kwa pamoja, kama walivyoamka.

10 Septemba
Kesho tunahama. Tumefungasha. Nilimwambia Mihala akaondoe kabari zake. Akasimama na mtaimbo mkononi kama mtu aliyetumwa kuiba.

"Si itakuwa nimeing'oa?"

"Ondoa vya kwako tu. Vyake viache."

Akaondoa, akilala juu ya mlango wa kuku, mimi nimemshika miguu. Kabari kumi na nane. Alikuwa ananipa moja moja kwa nyuma bila kugeuka. Nyingine bado zilikuwa na harufu ya mti mbichi. Serge ilibaki imesimama, uzi umeachana na mti upana wa kidole. Nimeuacha uzi.

11 Septemba
Kabla ya kutoka Mihala aliwasha jiko la zamani mara ya mwisho, akaulisha moto mkate wa maji na siagi, akauambia tulipokwenda ili usitutafute. Kabari zote kumi na nane zimeungua humo. Zimewaka vizuri.

Nyumba mpya ina harufu ya mbao. Kitunguu kimekaa kilipowekwa. Nimekitazama muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye akili.

14 Septemba
Mihala amekwenda ziwani kweli. Samaki kumi na wanne. Tumbo la wavu limelowa.

18 Septemba
Mvua nyembamba siku nzima. Mgongo wake hauumi. Nimeuliza mara mbili.

20 Septemba
Ogdo alirudi kijiji cha zamani kuchimba viazi vyake vya mwisho. Adhuhuri akaingia kwetu na matope mpaka magotini.

"Wifi, kaa kwanza."

"Sema nimesimama."

"Serge yenu imeanguka."

Mihala alikuwa mezani. Akaweka kijiko chini. "Imevunjika?"

"Haijavunjika. Imelala nzima, michoro juu."

"Mmeigusa?"

"Nani aiguse? Nimeifungulia uzi wako tu, wifi, huu hapa." Akanipa, na msumari wake.

"Basi iacheni ilale," Mihala akasema.

Ogdo alipoondoka nikakaa, sasa. Nikahesabu kwa vidole. Tangu alipotoa kabari hadi leo ni siku kumi. Juni, Julai, nusu ya Agosti, mvua zile zote, haikusogea hata unene wa uzi. Bila kabari zake imekaa siku kumi. Nikamwambia, "Mzee, majira yote yale nilidhani napima ardhi. Kumbe nilikuwa nakupima wewe."

Alitafuna, akafikiri.

"Kula," akasema. "Supu inapoa."